Ng'ombe Mia Nne kwa Njia ya Ziwani

Jumatatu, 3 Februari
Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili na ndugu zangu wote watano. Daktari aliyesema moyo wangu mbovu naye nimemzika, na jeneza nilibeba upande wa mbele. Leo nimetoa ng'ombe saa moja asubuhi kwenda kunywa, kama siku zote. Njiani nimekuta seng'enge. Nguzo sita, nyuzi nne. Ni Bahati, huyu mstaafu aliyenunua kiwanja cha jirani mwaka juzi. Amefunga njia yangu ya kwenda ziwani. Njia hiyo ni ardhi yangu, nilipewa na baba. Ng'ombe wamesimama wananitazama mimi. Imebidi tuzunguke kwenye mawe hadi mwalo wa pili, pale mitumbwi inapotia nanga, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi.

Jumatano, 5 Februari
Nimemfuata Bahati. Shikamoo yake tamu, ndefu. Halafu anasema, "Mzee wangu, hako kakichochoro nako ni ardhi? Chukua laki tatu, unywe soda." Mafundi wake wakacheka. Nikamwambia tutaonana kwenye sheria. Kijiji hiki hakuna aliyewahi kunishinda. Si kwa jembe, si kwa ngoma, si kwa maneno.

Jumatano, 12 Machi
Baraza la kata, mara ya tatu. Mara mbili za kwanza Bahati hakuja, eti ana mgeni. Leo kaja kukataa tu. Baraza la kata siku hizi halihukumu, linasuluhisha. Ukigoma kusuluhishwa basi. Mwenyekiti wao, Mzee Lutonja, kanipa karatasi kwamba usuluhishi umeshindikana. Wiki tano, karatasi moja. Bila hiyo mjini hawakupokei.

Alhamisi, 27 Machi
Mjini. Nimeshuka stendi ya Nyegezi na Kabula, mke wa mwanangu. Yeye anasoma haraka. Mimi nilisoma ukubwani, ngumbaru, na darasani nilikuwa wa kwanza, lakini herufi za serikali ni ndogo kama mayai ya chawa. Wakili mmoja alitaka milioni moja na nusu kabla sijakaa kwenye kiti. Nikatoka. Tukaenda kwa dada anayechapa, ana duka la kopi karibu na baraza la ardhi la wilaya. Elfu mbili kila ukurasa.
Kaniuliza thamani ya eneo. Nikasema ng'ombe mia nne. Kabula akanivuta shati. "Baba, ni njia tu." Nikamwambia nyamaza mama, haya ya wanaume. Mahari yako mwenyewe ilitajwa arobaini, tukashusha, tukashusha, tukatoa kumi na saba. Kila mwenye akili anaanzia juu. Dada kauliza ng'ombe mmoja bei gani. Wangu mimi, milioni. Kapiga hesabu, kaandika. Nimetoka pale kifua mbele.

Ijumaa, 28 Machi
Tumelala kwa shemeji, huko Nyakato, asubuhi barazani. Karani kasoma karatasi yangu. Nilikaa nikisubiri ashushe. Hakushusha. Kagonga muhuri. Halafu kanipa namba ya malipo. Kumbe ada inapanda kwa thamani unayotaja. Kiasi chenyewe siandiki.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimeuza maksai mwekundu mnadani. Fedha yote imeliwa na namba ile ya malipo. Maksai wa miaka sita, amelima mpunga wa ukoo mzima, nimepewa risiti.

Jumanne, 20 Mei
Wito umetoka. Mpeleka wito nimemlipia bodaboda kwenda na kurudi, na chai. Bahati ana siku ishirini na moja za kujibu. Mimi nilifungiwa njia asubuhi moja, sikupewa hata dakika ishirini na moja.

Alhamisi, 26 Juni
Shauri limetajwa. Maana ya kutajwa: wanasoma majina yenu, mnasimama, mnakaa, wanapanga tarehe nyingine. Nilivaa koti. Nauli ya watu wawili, wali maharage, kopi za majibu ya Bahati kurasa kumi na moja. Ndani yake ananiita mvamizi. Mimi. Nilizaliwa pale kabla yeye hajajua hata ziwa lina rangi gani.

Alhamisi, 31 Julai
Limetajwa tena. Mwenyekiti wa baraza yuko semina. Karani katupa tarehe bila kuinua kichwa. Kinyaa kitupu.

Jumamosi, 2 Agosti
Ng'ombe mwenye mimba amevunjika mguu kwenye mawe ya njia ya kuzunguka. Nimemchinja mwenyewe. Ndama alikuwa jike. Nyama imeuzwa bei ya kutupa kabla haijaharibika. Bahati katuma mtu kununua kilo mbili. Kabula kampimia. Sikula chakula leo.

Alhamisi, 28 Agosti
Bahati kaleta wakili. Kijana mwembamba, miwani, viatu vinalia. Hakusema lolote kuhusu seng'enge. Hakusema lolote kuhusu mimi. Kasema ana pingamizi la awali. Baraza hili mwisho wake kwa ardhi ni milioni mia tatu, na mzee huyu kaandika mwenyewe mia nne. Kwa hiyo baraza halina mamlaka. Kakaa. Dakika tano hazikufika. Nilimtazama Kabula. Alikuwa anatazama miguu yake. Mwanamke huyu hajawahi kuniambia "nilikuambia", na leo hakusema. Ningependa angesema.

Jumanne, 23 Septemba
Uamuzi. Shauri limeondolewa. Gharama za Bahati nilipe mimi. Mwenyekiti kaniuliza kwa upole, "Mzee, kweli njia ya ng'ombe ni milioni mia nne?" Nikasimama. Nikamwambia mheshimiwa, nilitaja kama anavyotaja mwenye binti. Nilisubiri mshushe, mkakaa kimya. Chumba chote kikacheka, hadi karani, yule asiyeinua kichwa. Mwenyekiti naye kashika mdomo. "Mzee, hapa hatuposi." Halafu kasema naweza kufungua upya, kwa thamani ya kweli.
Karibu miezi minane. Maksai, ng'ombe mwenye mimba, ndama. Yote hayo na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza njia ni ya nani. Nawaonea kinyaa wote: wakili, karani, Bahati na soda yake. Na mimi mwenyewe pia. Hilo naliandika mara moja tu.

Jumatatu, 29 Septemba
Mwanangu kapiga simu kutoka Geita. Anasema uza njia, pumzika baba. Nimekata simu. Ng'ombe kumi na tisa waliobaki hawanywi maji ya simu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Tumerudi kwa dada wa kuchapa. Duka halikuwa na watu wengi. Kauliza thamani ya eneo. Kabula alikuwa anatazama barabarani.
Nikasema ng'ombe wanne. Ng'ombe mmoja laki sita.
Ndiyo bei yake. Eneo jembamba, mawe mengi, halioti hata mtama. Tangu nizaliwe sijataja kitu changu kwa bei yake mbele ya watu. Sauti ilitoka ndogo, dada akaniomba nirudie. Nikarudia.
Ada safari hii imekuwa ndogo, sikuuza mnyama. Karani kasema wito labda mwezi wa kumi na mbili, na mashauri ya namna hii huenda mwaka, mengine miwili. Nitakuwa na miaka themanini. Sawa.
Jioni nimepeleka ng'ombe kunywa kwa njia ya mawe, polepole, nikitangulia.
Niliyoandika humu ni kweli. Kabula alikuwepo safari zote. Neema, dada wa kuchapa, aliandika bei zote mbili kwa mkono wake. Mzee Lutonja wa kata anaijua njia hiyo tangu tukiwa wachunga ng'ombe. Waulizwe hao.