Korongo Aliyeatamia Kinamasini

Kendi mjukuu wangu,

Tunakusalimu sote kutoka Kibirichia. Viazi tumevuna, babu yako anatembea vizuri tena, na shangazi yako amehamia Kinoru.

Umeniuliza utawaambia nini wakulima wanaotaka kukausha kinamasi cha hifadhi yenu, na korongo wenye taji wamo humo wanataga. Mimi nitakueleza tu yaliyotokea hapa.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Baba mkwe wangu na majirani waliingia kinamasini na majembe kuchimba mfereji, maji yatoke wapande viazi. Korongo mmoja alikuwa ameatamia mayai. Hakuruka. Alisimama akatandaza mabawa mbele yao.

Nikasema, "Baba, huyo ana mayai. Ngojeni watoto watoke, kisha mchimbe."

Wanaume walicheka. Baba mkwe alimtazama yule ndege, halafu akaweka jembe begani. "Haya, tutangoja."

Vifaranga walipoanza kutembea, kiangazi kilikuwa kimekausha vijito vyote. Maji yalibaki kinamasini tu, na ng'ombe wa kila boma walinywa hapo. Hakuna aliyerudi na jembe, na hadi leo korongo wanazaa humo.

Sikuwaomba waache kulima, Kendi. Niliwaomba wangoje kidogo, wakaangalia wenyewe. Hao wakulima wako pia ni watu wa kuelewa. Usiwaite ofisini. Vaa gambuti, muingie nao kinamasini.

Nakuombea kila siku,
Nyanya yako