Spika ya Kushoto

2 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mkwe wangu naye hajambo? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siku hizi unamung'unya maneno kama mtu mwenye pipi mdomoni.

Nina habari. Ile chekechea niliyofundisha miaka thelathini imeniomba niirekodie nyimbo zangu, za kuhesabu na za kunawa mikono, maana walimu wapya hawazijui. Kompyuta uliyoniachia ipo, kinanda kipo, kipaza sauti nimeazima. Kimebaki kitu kimoja: spika. Kuna fundi redio mtaa wa nyuma, kila mtu anamwita Waya. Anasema spika za sebuleni nisiziguse, zinaongeza besi na kuupamba wimbo. Anayetengeneza muziki anataka spika inayomwambia ukweli, hata ukiwa mchungu. Anayo jozi iliyotumika, inchi tano, amplifaya imo humohumo ndani. Bei ni nusu ya ile ya dukani. Wasemaje?

Mama yako

9 Februari

Shikamoo mama,

Sisi wazima, kazi za ghalani zinatuchosha lakini tunakula. Mkweo anakusalimu sana, anasema anausubiri huo wimbo.

Nimemuuliza mwenzangu mmoja hapa kazini anayepiga kinanda kwenye maharusi. Kasema kwa chumba chako hizo inchi tano zinatosha kabisa. Zisibanwe ukutani, ziwe usawa wa masikio, na kutoka ya huku hadi ya kule iwe sawa na kutoka kila moja hadi kichwani kwako. Hapo huyo Waya hajakosea. Lakini mama, kuwa macho. Mtu anayekuuzia kitu huku anakufundisha namna ya kukichagua, mimi namwogopa. Usilipe kabla hujazijaribu kwako, kwa wimbo unaoujua vizuri. Sikiliza kama zote mbili zinalia sawa.

Kitindamimba wako

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini mko salama. Mimi niko salama, ila nimekasirika.

Nimezijaribu. Ya kushoto ni dhaifu. Nilimwita Waya, akasikiliza, akasema mbona ni nzima. Nikamwambia nimefundisha watu kuimba kabla yeye hajajua kushika bisibisi. Akaenda, akarudi na jozi nyingine. Ya kushoto dhaifu tena! Akaniangalia kwa muda mrefu, akauliza, "Mama, una hakika?" Sikupenda lile jicho lake.

Hata hivyo nimerekodi ule wa kunawa mikono. Nimeipandisha sauti ya kushoto mpaka zikalingana. Nimekutumia kwenye simu.

Mama yako

24 Februari

Shikamoo mama,

U mzima? Wimbo nimeusikiliza kwa spika za masikioni, mara tatu. Sauti yako ni ileile iliyokuwa inatuamsha. Lakini upande wa kushoto unapiga kelele, na wa kulia uko mbali kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Sasa nimeelewa. Jozi mbili tofauti, kasoro upande uleule? Huo ni mchezo. Anakuzungusha uchoke, kisha akuletee za bei mbaya na uzishukuru.

Nimeipata namba yake kwa jirani yako wa cherehani. Nimempigia, nikamwambia mama yangu si shamba la bibi, na akiendelea nitampeleka polisi. Unajua alinijibu nini? "Mwambie mama ageuze kiti." Nikakata simu. Mtu asiye na kosa haongei kwa mafumbo. Mrudishie spika zake leo.

Kitindamimba wako

27 Februari

Wewe,

Nani kakutuma umpigie? Mimi ndiye niliye naye hapa, mimi ndiye ninayemchunguza. Sasa mtaa mzima unasema mwalimu kamwita fundi mwizi. Usinipigie na usipige kwa jirani.

Mama yako

14 Machi

Shikamoo mama,

Hii ni barua ya pili bila jibu. Jirani anasema unatoka asubuhi umevaa viatu vya safari na hujamwambia unakwenda wapi. Kuna nini? Huyo Waya amekuambia nini? Kama amekuingiza kwenye jambo lolote, sema tu, sitafoka.

Kitindamimba wako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuwa na hakika kwanza.

Siku ile niliyokuandikia kwa hasira, Waya alikuja mwenyewe. Hakukaa. Akasema, "Mama, geuza kiti. Zipe spika mgongo." Nikajua anataka nisimwone akichezea nyaya. Nikageuza, lakini nikamwambia asimame mbele yangu, mikono naiona. Akawasha wimbo, akaja akasimama mbele yangu, mikono kifuani.

Nikasema, "Haya, ya kushoto imepona. Sasa mbovu ni ya kulia."

Maneno yalipotoka nikayasikia mwenyewe. Spika hazikuguswa. Kilichogeuka ni mimi.

Waya akazima. Akachuchumaa, akaanza kukunja waya uliokuwa umeshakunjwa. Nami, mwanangu, badala ya kumshukuru nikamwambia atoke, ati kanifanyia kiinimacho. Siku tatu nikakaa na sikio langu kama na mgeni mbaya. Ndipo nikaenda hospitali. Nimepimwa mara mbili. La kulia ni zima. La kushoto limekufa zaidi ya nusu, na daktari anasema haliwezi kurudi.

Usilie. Mimi nimeshalia.

Mama yako

3 Aprili

Shikamoo mama,

Nimeisoma barua yako nikiwa juu ya forklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo ghalani, nikaizima nikashuka.

Ule wimbo niliusikia mara tatu. Kila kitu kilikuwa mle. Mama yangu alikuwa ananiambia ni upande gani hasikii, na mimi nikamsikiliza mwizi niliyemtunga mwenyewe. Fundi asiyekujua alielewa kwa jozi mbili tu. Mimi umenizaa.

Naomba ruhusa kazini. Nakuja. Mkweo anasema chumba kidogo kina nafasi, na hapa kuna madaktari wazuri. Nisamehe.

Kitindamimba wako

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, nala, nalala.

Najua barua yako inaelekea wapi. Mkwe wangu ameshapima na pazia? Sihami. Nyimbo zimebaki sita na chekechea inazisubiri.

Jozi ile ya kwanza nimeinunua. Nilimfuata Waya mwenyewe, nikasimama dukani kwake mbele ya wateja nikasema nilimkosea. Aliona haya kuliko mimi. Amenionyesha namna ya kuzichanganya sauti za pande mbili ziwe moja, na namna ya kuangalia vile vimstari vya kijani kwenye kompyuta, vinanionyesha nisichokisikia. Alasiri anapita, anakaa kushoto kwangu, ananiambia, "Punguza, mama. Hapo sawa." Siku nyingine namshuku kwamba ananifurahisha tu. Basi narudia mpaka akunje uso, hapo namwamini.

Njoo, lakini uje siku tatu, usije kunibeba. Samahani yako kwangu imefika. Iliyobaki si yangu. Kabla hujafika hapa nyumbani, pita kwake. Anafungua saa mbili asubuhi.

Mama yako