Kofia ya Mahona

Itetemia, Tabora

Wifi Levina,

Shikamoo. Karanga tumeshavuna, na yule kuku uliyetuachia ameanza kuatamia.

Mdogo wako Mahona bado amelazwa hospitali ya Kitete. Anakula, ila jina langu mimi mkewe hajalikumbuka. Kampuni yake ya bima ilimtuma Kaliua kukagua ghala la tumbaku lililoungua, ukuta ukamwangukia. Kofia ngumu alikuwa ameiomba. Bosi alimjibu, “Unakwenda kukagua, siyo kujenga.”

Juzi bosi huyo alikuja wodini na kofia mpya, akamvalisha juu ya bandeji, akampiga picha ya kupeleka makao makuu, akaaga.

Kofia nimeileta nyumbani. Kuku wako anaatamia humo, na hakuna yai hata moja lililovunjika.

Ni mimi wifi yako,
Imakulata