Felista, Bibo Lako Limeonjwa

Kumbukumbu ya Dkt. Felista Gaudensi

Mwaka umezunguka, Felista, na msimu wa mabibo umerudi bila wewe. Ulituacha Novemba iliyopita baada ya kuugua, mikorosho ikiwa imejaa, na harufu ya mabibo ndiyo iliyokusindikiza mpaka kaburini.

Ulipoanza kazi kituo cha utafiti, ulikuwa mwanamke wa kwanza pale kupanda mti na kisu cha kubebeshea mkononi, kile cha kuunganisha kikonyo cha mti mmoja na mche wa mwingine. Wanaume wakashika ngazi kwa wasiwasi. Ukawaambia washike vizuri au waende wakanywe chai.

Wenzako walitafuta korosho nyingi. Wewe ulitafuta bibo, tunda lenyewe, ambalo huku kwetu hunyofolewa korosho yake kisha likatupwa au likapikiwa pombe. Ulitaka bibo lisilo na ukakasi, mtoto ale asikohoe. Mzee Kassimu wa Kitaya alikutania, "Dakta, korosho inasomesha watoto. Bibo linasomesha walevi!" Ukamjibu, "Basi mzee wangu, niache nilihamishe shule." Alicheka mpaka kofia ikamvuka, halafu akakukatia vikonyo vya kubebesha vya mti wake mwenyewe.

Hukuweza kuupita mti wenye matunda, hata ukitoka kanisani. Magauni yako ya Jumapili yote yana madoa ya mabibo, na doa la bibo halisikii sabuni. Dada yako Doris anayavaa hivyo hivyo, na madoa yake.

Kituoni mlikuwa na vifaa vya kupimia, lakini kila Jumamosi ulimletea mama yako mabibo kwenye hotipoti, kwa kuwa koo lake halijawahi kulivumilia bibo. "Onja, mama. Usiniambie tamu. Niambie linafanana na nini." Mama yako anakohoa mpaka machozi, kisha anasema, "Si baya." Nawe unamtazama: "Unalihurumia tunda au unanihurumia mimi?" Hakukujibu hata siku moja.

Mche wa mwisho uliubebesha kwa mkono wako, ukaupanda nyuma ya jiko la mama yako, kijijini Mpapura. Ulimwambia, "Huu, mama, utaniambia ukweli." Msimu huu ndio umezaa kwa mara ya kwanza. Kila asubuhi mama yako alikwenda kuutazama kabla hajawasha moto. Siku moja alikwenda kliniki mjini, na aliporudi akamkuta jirani Saida barazani, na bakuli la korosho zilizofutwa mchanga vizuri.

"Mama Felista, nimekuokotea, zisiloe umande."

"Ahsante mwanangu. Na mabibo yake?"

"Si nimewapa mbuzi! Ulikuwa unayatakia nini?"

Mama yako akakaa chini. Saida alipoelezwa, akashika kichwa. "Jamani! Nimewalisha mbuzi kazi ya marehemu!" Akatoka mbio kuuzunguka mti, na juu kabisa akaliona moja limebaki, bado la kijani. Tangu saa hiyo Saida akawa ndiye mlinzi, mbuzi akiwafukuza kwa fagio na ndege akiwafukuza kwa matusi.

Lilidondoka Jumapili. Wanao wakasimama, Brian na kikombe cha maji, Glory na kitambaa, kama ulivyokuwa ukiwapanga kila Jumamosi. Mama yako akang'ata, akatafuna, akameza. Tukasubiri kikohozi.

Sasa hayupo wa kuhurumiwa, Felista, kwa hiyo jibu lako ndilo hili. Mama yako anasema linafanana na embe lililolala kwenye mtungi wa maji. Mwishoni ulimi unakauka kidogo, kama umekula ndizi iliyobakiza siku mbili kuiva. Ukakasi upo bado, hatukudanganyi. Lakini kikohozi hakikuja. Maji aliyanywa Brian.

Gideoni, uliyemfundisha kazi, amekuja kuchukua vikonyo. Amesema huo ukakasi uliobaki ni wake, ataufuata mpaka aumalize.

Mama yako alilila bibo lote, akalamba na vidole. Korosho yake tuliisahau chini, na Saida aliikuta kesho yake pale pale. Akaja nayo akicheka: "Mama Felista, jana Mpapura watu walikula bibo, wakaacha korosho!"

Unakumbukwa na mama yako Modesta, dada yako Doris, wanao Brian na Glory, Gideoni na wenzako kazini, na Saida, ambaye ameomba jina lake lisikose. Misa itasomwa Jumapili ijayo kigangoni kwetu.

Kila mabibo yatakapoiva, Felista, jina lako litaitwa nyumbani.