Alama Zote kwa Mtambo wa Bwana Waya

Jumatatu, 3 Machi

Robo wati! Mtambo wa redio nilioutengeneza ndani ya kopo la maziwa ya unga, unaokula umeme kidogo kuliko tochi, leo umevuka mji mzima. Shemeji — kaka wa mke wangu, fundi saa, aliyenifundisha kugonga Morse, zile nukta na vistari vya redio, enzi nina nywele — amejibu jioni saa ileile ya siku zote: tano-tisa-tisa. Alama zote. Mlio safi, amepata kila kitu, nimsalimie mdogo wake.

Nikatoka chumbani kifua mbele. Mke wangu anakunja nguo. Nikampa salamu zake. Akasema zibaki hukohuko hewani. Juzi kapita dukani kwa kaka yake, kamwamkia mara mbili, kapewa mgongo. Tangu wagombanie nyumba ya marehemu mama yao, anasema, kaka amemfuta kabisa.

"Wewe wa kuja unapewa alama zote. Mimi niliyenyonya naye titi moja sipewi hata marahaba."

Nikasema labda alikuwa na haraka. Akanitazama kama nyanya iliyooza.

Jumanne, 4 Machi

Nimepunguza nguvu tena. Tano-tisa-tisa! Nimempigia simu mwenyekiti wa klabu yetu ya redio. Kasema niulete mtambo Jumamosi ya wiki ijayo, wenzangu wauone. Nikasema aa, kitu kidogo tu — kwa sauti ya mtu asiyeamini hata chembe kwamba ni kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepunguza zaidi. Radi kwa mbali, redio inakwaruza kama mtu anakaanga mchanga. Na bado — tano-tisa-tisa.

Hapo nikaingiwa na mdudu. Ni kweli sisi wa redio tuna adabu yetu. Mtu wa mbali humnyimi alama hata kama umemsikia kwa tabu. Unampa zote, anakupa zote, mnaagana. Lakini shemeji hana adabu hiyo. Mwaka jana aliniambia mlio wangu ni wa mbuzi aliyebanwa na mlango. Sifa za ghafla kutoka kwa shemeji ni kama ukimya wa mtoto jikoni. Nenda katazame.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetazama. Heri nisingetazama.

Nyuma ya mtambo, waya wa antena ya kurushia umelala sakafuni kama nyoka aliyekufa. Ya kusikilizia ni nyingine, ndiyo maana majibu nayapata. Kilichochomekwa ni kopo jingine, la majaribio, ambalo kazi yake ni kumeza nguvu yote na kuigeuza joto, ili mtu apime mtambo bila kuwasumbua wengine hewani. Nililichomeka Jumapili, nikasahau. Tangu Jumatatu nimelihutubia kopo!

Na kopo limepewa tano-tisa-tisa.

Nguvu kidogo huvuja, sikatai. Jirani wa ukuta mmoja angenipata. Lakini mji mzima? Nachezewa shere. Shemeji na mwenyekiti, hao! Ndiyo maana mwenyekiti kakubali haraka vile. Wananiandalia kicheko, na mimi ndiye nabeba kuni.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimetega mtego. Antena nimeirudisha mahali pake, nguvu nimeiacha chini vilevile. Nikagonga polepole, herufi kwa herufi: mke amenikimbia, yuko na fundi bomba.

Jibu likaja. Tano-tisa-tisa, safi sana, msalimie mdogo wangu.

Nimecheka hadi machozi. Halafu kicheko kikanikauka. Shemeji mwenye utani hawezi kuacha mfupa kama ule udondoke chini. Angeniguguna nao mwezi mzima! Kwa hiyo hanicheki. Hanisikii. Basi anamjibu nani?

Anaijibu saa ya ukutani. Miaka yote tunaanza wakati uleule, nasema yaleyale, kwa urefu uleule. Anangoja nimalize, anajibu.

Mke kauliza nacheka nini peke yangu. Nikasema redio. "Imekwambia nini, Bwana Waya?" Nikaanza kutafuta miwani. Nilikuwa nimeivaa. Kaona.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda dukani kwa shemeji kumshika shati.

Chumba chake kina upana wa kitanda, saa kila ukuta, kila moja na maoni yake. Yeye kainama, kanipa mgongo, lenzi jichoni. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikamwita mwizi wa alama. Saa ya kengele ikalipuka pale mezani, karibu na kiwiko chake, inarukaruka kama imemwagiwa upupu — hakugeuka. Akachukua saa ya mkononi, akaibana kwenye mfupa wa taya, akafumba macho. Anasikiliza kwa mfupa!

Hasira zote zikanitoka.

Akaniona kwenye kioo cha saa kubwa. Akageuka na tabasamu: "Aa, shemeji! Umefika sasa hivi?" Ndiyo, sasa hivi. Macho yake yako mdomoni mwangu. Nikaufunika mdomo kwa kiganja, nikamuuliza kama ananisikia. Tabasamu likazimika.

Ilianza kumpotea milio myembamba, kasema, kisha sauti za watu. Hajamwambia yeyote.

"Fundi saa kiziwi, nani atamletea saa? Wataniletea pole."

Na redio je? Akaisugua lenzi kwa shati muda mrefu. Ile ndiyo saa pekee, kasema, anapojua mtu atamwambia nini.

Kanishika mkono. Nisimwambie mdogo wake, maana yule atautangazia ukoo mzima kwa mapenzi. Nikaahidi. Mimi hapa, ambaye hata bei ya waya mke huisoma usoni mwangu.

Nyumbani nimekuta shauri limekatwa. Kwenye harusi ya binti yetu mwezi ujao, atakayesema kwa upande wa mama si shemeji tena. Mke atampa taarifa mwenyewe.

"Ulikuwa wapi?"

Dukani kwa shemeji.

"Alikuitikia?"

Nikasema ndiyo.

"Ehee," kasema. Tangu hapo anapika kwa kishindo.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwita shemeji, eti aje tuinue antena. Hesabu yangu: wakae uso kwa uso, asome midomo, wapatane, na mimi ahadi yangu ibaki nzima. Hesabu nzuri, kama mitambo yangu yote.

Amekuja. Mke kamimina chai huku kainama, anaongea na birika. Shemeji akacheka pasipo na cha kuchekesha. Mke akalirudisha birika jikoni. Shemeji akasema anatangulia kwenye antena, akatoka uani.

Nipo chumbani. Nimeingia kutafuta koleo, ambalo liko mfukoni mwangu. Naandika ili mikono ipate kazi. Dirishani namwona shemeji kwenye nguzo anafungua fundo la waya, mgongo kwa mlango. Mke ametoka na sufuria mkononi. Amesimama nyuma yake. Nikajua sasa ni yale ya harusi.

Kumbe siyo.

"Kaka, ichukue hiyo nyumba. Chukua yote. Mimi nakutaka wewe tu."

Nimesikia mimi na ukuta.

Shemeji anapiga mluzi. Fundo halijalegea.

Kamwita tena. Nimegonga kioo cha dirisha — shemeji ananyoosha waya! Aliyegeuka ni mke. Kanitazama. Kamtazama kaka yake. Kisha ameinua sufuria juu kabisa, akaiachia kwenye saruji. Makusudi. Kuku wa jirani wameruka wote.

Shemeji hakutikisika.

Mke kaweka kiganja mdomoni. Nilidhani atakwenda kumshika bega. Hapana. Amegeuka tena huku dirishani, na hilo jicho silijui, miaka yote hii sijawahi kuliona.

"Ulijua," anasema, polepole, kana kwamba na mimi nasoma midomo. "Tangu lini?"

Anakuja. Nimeahidi sitasema neno. Uso huu nao utaahidi nini? Yuko ukumbini. Kitasa kina—