Maji ya Machame, Maji ya Mahame

Kijiji cha Ujamaa,
S.L.P. Goweko,
Tabora.
28 Oktoba 1974

Mpendwa mdogo wangu Lukumani,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, na ya mkeo Flavia pia. Vipi hali zenu huko mlimani? Kifua cha Yahaya kimepoa? Na Siwema ameota meno ya mbele, au bado ni kibogoyo wangu? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila Mama magoti yanamsumbua, na masikio ndiyo hayo unayoyajua.

Idi tumeila kwa ugali wa yanga, huu unga wa njano wa msaada. Mvua bado. Tangu tuhamishiwe hapa kando ya barabara, shule tumeipata, zahanati tumeahidiwa, lakini kisima tulichochimbiwa kimekauka tangu mwezi wa nane.

Barua yako nilimsomea Mama uani. Ulipoandika kwamba theluji ya Kibo inazidi kupungua, na kwamba maji ya Machame yamekuwa haba hata wakwe zako wanagombania zamu za mfereji, yeye akasikia "maji ya mahame". Basi! Akajua unamwonya kwamba maji yanapungua katika kisima cha marehemu Baba, kule mahame yetu tulikohamishwa. Asubuhi nikaamka hayupo, jembe halipo, ndoo haipo.

Nilimkuta ndani ya kisima, Lukumani, tope limemfika magotini, anatoa majani na udongo ulioporomoka. Nililia, nikamgombeza kama mtoto. Hakunijali. Chini kulikuwa na maji.

Jioni kijiji kizima kilikuwa pale na ndoo. Mwenyekiti wetu, Masolwa, akaja amefura, maana kurudi mahame ni marufuku. Mama akamchotea maji kwa kata, akamwambia, "Kunywa kwanza, baba, halafu unifunge." Akanywa. Tangu siku ile foleni anaisimamia mwenyewe. Lakini watu ni wengi kuliko kisima. Jua likipanda kidogo tu tunachota tope, tunaliacha lituame.

Sasa nije kwenye ombi lako. Unataka Flavia na watoto waje wakae kwetu mpaka maji ya huko yatengemae. Mdogo wangu, unisamehe ulimi, utakuwa umeruka mkojo ukakanyaga mavi.

Wewe ni mwashi. Umesema mwenyewe mfereji wa mkweo, mzee Eustace, unavuja njia nzima. Saruji haipatikani, najua, hata huku hakuna. Kwani huko hakuna vichuguu? Sisi lambo tunalochimba sasa tunalisiriba kwa udongo wa kichuguu, tunaukanyaga mpaka unashikamana, maji hayapenyi. Mwambie mkweo kwa adabu, asije akakasirika. Hayo maji mnayogombania nusu yake yanaishia ardhini kabla hayajafika shambani. Theluji hamwezi kuirudisha, lakini mfereji mnaweza kuuziba.

Lambo letu nalo sijui kama litajaa. Kila nyumba inatoa mtu wa kuchimba, tunaimba, tunacheka, lakini mimi naogopa. Ng'ombe wa jirani zetu kina Kashindye wamekwisha.

Nisalimie Flavia, mzee Eustace na mama mkwe, na uwabusu watoto. Shangazi Mwanajuma wa Isevya anakusalimu, anasema umemsahau.

Mama amekaa hapa pembeni yangu. Ameniagiza niandike kwamba waje, waje upesi, na nimemwitikia ndiyo. Ndugu yangu, wasije. Zamu yetu ni ndoo moja kwa nyumba nzima, na Mama anakunywa mwisho. Kila nikimpa anasema ameshakunywa, na midomo imempasuka. Akiwaona wajukuu zake atawapa na hicho kidogo, nami sitaweza kumzuia.

Mungu awape maji yenu huko huko mliko.

Dada yako akupendaye mno,
Mwamvita