Picha ya Mnara wa Malta

Tabora

Idrisa mwanangu,

Huku mvua zimeanza vizuri na mdogo wako Najiat amejifungua salama. Lakini picha yako ukiwa umeegemea mnara wa taa wa Malta, unacheka, imenichefua.

Nikueleze, maana shuleni hukusikiliza. Taa ile haimkaribishi mtu. Inawaonya mabaharia kwamba hapo pana miamba, wajihadhari. Wewe ukamwandikia Sabiri, mtoto wa dada yako: "Njoo, mjomba. Ukiiona taa hii, umefika." Akaondoka. Alipanda boti Libya, na tangu hapo hatujasikia sauti yake. Jana Shigela, kijana wa jirani, kanionyesha umemtumia picha ile ile na maneno yale yale.

Dada yako Mwanamkuu, mama yake Sabiri, aliyasoma, akatema mate.

"Baba, huyu si ndugu. Ni dalali wa watu."

Mji huu unawafahamu madalali hao. Walipita hapa na watu wakiwa kwenye minyororo, wakawafikisha pwani. Wewe hata mnyororo hukuuhitaji.

Shigela nimemzuia. Shikamoo uliyonitumia sijaiitikia, wala sitaiitikia. Kamtafute Sabiri hospitalini na makaburini kote kisiwani humo, ndipo uniamkie tena.

Baba yako mkubwa,
Abbasi